Faili Lililofungwa

"Mama yako ni marehemu," alisema karani wa hospitali, macho kwenye kompyuta.

Huyo marehemu alikuwa ameketi kando yangu, ameshikilia pamba mkononi alipotolewa damu ya kupima.

"Rekodi imetumwa na hospitali ya kule mlikotoka. Mgonjwa akihamia mkoa mwingine, mfumo hauna pa kuandika 'amehama'. Faili linafungwa kwa 'amefariki'. Hata sisi tunafanya hivyohivyo."

"Na dawa zake za moyo?"

"Mfumo haukubali kumwandikia dawa marehemu, dada."

Nikajiandaa kumtolea uvivu, lakini Mama akaniwahi. Aliibandua ile pamba, mbichi, nyekundu, akaiweka juu ya kibodi ya karani.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Andika basi, hii damu ni ya nani."