Injini Moja

Muuzaji alikuwa bado anaisifia ndege nyeupe inayong'aa kama kioo. Mama rubani hakuwa na habari naye. Alichuchumaa chini ya ile nyingine yenye propela moja, akipapasa tumbo la ndege lililochubuliwa na kokoto.

"Hii imetua kusiko na kiwanja, ikaruka tena," alisema. "Ndiyo ya kututembeza nyikani."

"Injini moja tu!" mumewe alilalama. "Ikizimika angani je?"

"Moyo nao ni mmoja, baba watoto, na umekubeba miaka sitini."

Mzee akaligonga tairi nene kwa fimbo, akapanda ngazi. Mlangoni akasita, akavua viatu, akavipanga vizuri kama mtu anayeingia kwake.

Mama rubani akamgeukia muuzaji. "Lete karatasi nitie sahihi."