Turubai la Mchanga wa Madini

Mwaka tuliohamia kijiji cha Ujamaa, mvua ilinyesha, tukaondoa turubai lililofunika mchanga wa madini uliongoja kusafirishwa, tukakingia maji. Newala, kusiko na visima wala mito, nani aache mvua ipite?

Asubuhi Mama Basil, mpimaji wa shehena, alijaza kopo mchanga ule, akaligongagonga mezani. Maji yakachomoza juu, yaking'aa.

"Weka sahihi kwenye fomu, Mama Basil. Meli inasubiri Mtwara," karani alihimiza. "Huo ni unyevu tu!"

"Meli ya baba Basil nayo ilibeba unyevu tu. Mchanga ukageuka uji baharini, ukaegemea upande mmoja, ikazama naye."

Tulisimama pale na ndoo zetu zilizojaa.

Aliinamia kopo kama anayemsikiliza mtu. Kisha akarudisha fomu bila sahihi.

"Kasafiri na meli hiyo wewe."