Kiti cha Kuzmich

Jino lilimtoka Kuzmich mdomoni, likaelea polepole kupita dirishani. Nyuma yake Dunia ikapita, buluu, haina habari na mtu.

Gleb Lomtev, mhandisi wa kituo, alikuwa amemkaba kamanda wake ukosi kwa mkono mmoja, spana mkono wa pili. Angani ukimpiga mtu, nawe unarushwa nyuma. Kwa hiyo alimbana kiunoni kwa miguu, ndipo akapiga tena. Damu ilitoka matone ya mviringo, ikaenda kunata kwenye vichujio vya hewa.

"Mwizi!" alisema Gleb. "Mtu mzima na mvi zako, mwizi!"

"Glebka." Kuzmich alitema damu. Akaonyesha kwa kidole kinasa sauti kilichokuwa darini, kile kilichopeleka kila neno chini, kisha akakiweka kidole midomoni. "Nyamaza dakika nane. Nane tu."

Dakika nane ndizo zilizobaki kabla kituo hakijatoka nje ya upeo wa minara ya redio.

"Ehee! Mabwana zako wasisikie unavyozika mtu mzima mzima?"

Walikuwa na miezi kumi na moja huko juu. Walipandishwa kwa mitano. Mara ya kwanza waliambiwa roketi ya wenzao wa kuwapokea haijakamilika. Mara ya pili, mafundi kiwandani hawajalipwa. Mara ya tatu nchi yenyewe iliyowarusha ilikuwa imeshavunjwa, na bendera iliyoshonwa mabegani mwao haikuwa tena ya mtu yeyote. Asubuhi hii amri ikaja: chombo kishuke leo na mtu mmoja, na kiti cha pili kichukue sanduku la fuwele, maana mnunuzi wa kigeni amechoka kusubiri. Kamanda ashuke. Mhandisi abaki, kwani kituo kikikosa mtu kitaanguka. Abaki mpaka lini, hawakusema. Wakubwa waliotia saini walikwenda zao kunywa supu ya kabichi. Majina yao tunayo.

Kuzmich alijibu redioni neno moja: "Nimepokea."

Neno hilo lilimchoma Gleb kuliko amri yenyewe. Mwezi uliopita Asya, binti yake wa miaka mitatu, alipewa redio azungumze na baba, akamwita mjomba. Na huyu mzee, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akimkimbiza kwenye mkanda wa mazoezi kama punda ("Kimbia, miguu tambi wewe!") huku mwenyewe amekaa ananyonya chai kwa mrija, leo anasema nimepokea. Hata makopo yake ya samaki alikuwa akimsukumia: "Kula, bwana, mkeo atadhani ufagio umeingia ndani." Mizaha ya mtu ajuaye yake yamenyooka.

Kisha Gleb akamwona anatoka kwenye chombo na kalibu iliyoviringishwa turubai, akaifunga ukutani kwa kamba.

Kila mwanaanga wao, kabla ya safari, hulazwa kwenye plasta mbichi na nguo za ndani tu, na kalibu hiyo yenye umbo la mgongo wake ndiyo huwa kiti chake. Chombo hutua nyikani kwa kishindo cha lori linalogonga ukuta. Asiyelala kwenye umbo lake huvunjika. Aliyeng'olewa kalibu yake haendi nyumbani, basi.

Gleb hakuuliza. Alichukua spana.

Sasa spana ilikuwa imemponyoka, inazunguka peke yake mwisho wa ujia. Alivuta waya wa redio ukutani, akauzungusha shingoni mwa mzee mara mbili.

"Ungesema hapana!" alifoka, mate yakielea baina yao. "Neno moja, Kuzmich! Ungewaambia hapana!"

Kuzmich hakurudisha pigo hata moja, na hilo lilizidi kumtia Gleb wazimu. Mkono mmoja wa mzee ulishika waya. Wa pili ulinyooka kuelekea turubai, kisha kuelekea mlango wa chombo, kisha tena darini.

"Gle..."

Gleb alivuta mpaka viganja vyake vikachanika. Miguu ya mzee ilipiga ukuta, ikapiga tena, ikaacha. Mikono yake ikapanda yenyewe mbele ya kifua, kama inavyofanya mikono ya kila alalaye huko juu.

Taa ya mawasiliano ikazimika. Dakika nane zilikuwa zimekwisha.

Gleb alikitazama kile kifua. Hakikupanda. Kituo nacho na kianguke, kiwaangukie wao na supu yao.

Muda wa kubadilisha kalibu haukuwepo. Chombo kikichelewa, nyika ya kutua ingepita. Angelala kwenye ya Kuzmich, mtu mwenye mgongo mpana kama kabati. Mbavu zingevunjika, lakini zingevunjikia nyumbani. Alivaa suti, akafunga mlango, akajisukuma kitini kando ya sanduku la fuwele. Akakaza mikanda, akauma meno, akingoja kingo zisizo zake zimchome.

Hazikumchoma. Bega lake la kushoto, lililoungwa vibaya baada ya ajali ya pikipiki ya ujanani, lilizama kwenye shimo lake. Uti wa mgongo ukalala pingili kwa pingili, na kisogo kikapata mahali pake.