Samaki wa Ngazi za Hekalu

Rukaya alikuwa bado analamba vidole boti ilipolikaribia hekalu. Samaki waliyemvua asubuhi yeye na mwendesha boti, wakamchoma ufukweni, alikuwa amenona hadi mafuta yakamchuruzikia viganjani.

“Mbona samaki wa ziwa hili wanono hivi?” alimuuliza mwendesha boti.

“Wanakula vizuri, dada. Tazama pale.”

Kwenye ngazi za hekalu, mjane aliyevaa nyeupe aliinamisha chungu, akamwaga majivu ya mumewe majini, kama ilivyo desturi ya waumini wa pale. Majivu hayakuwahi kuzama. Midomo ya samaki ilijaa, ikasukumana, ikameza, ikabaki wazi ikitaka zaidi.

Rukaya akainama ukingoni mwa boti. Akatema mate, akatema tena, na samaki wakayagombania hayo pia.

Pale ngazini mjane aliinua macho, chungu kitupu kifuani, akamtazama.