Misumari ya Fundi Paka

Mvua ilipoanza, paa la Kanga lilivujia mayai yake yaliyokaribia kuanguliwa. Fundi Paka, aliyeliezeka, akafoka, "Ni Tumbili! Kutwa anarukaruka juu ya bati. Mfukuze!"

Kanga akamwita Tumbili. "Hama, mwanangu. Mayai yangu yataharibika kwa baridi."

"Nitahama, shangazi, ila kwanza nitazame." Tumbili akapanda, akacheka. "Misumari yote iko kwenye mabonde ya bati, maji yanamopita! Misumari hupigwa kwenye migongo ya bati. Niliipiga mimi?"

Paka akakohoa. "Bondeni huingia upesi, mama."

"Vizuri, fundi. Mimi na mayai tunahamia kwako. Wewe lala hapa, chini ya misumari yako."

Paka, asiyependa hata umande, alikuwa juu ya paa na nyundo kabla Kanga hajafungasha.