Mkono wa Gauni

Mvua ilikata barabara, na safari yangu ya kikazi ikaota mbawa. Nikakaa sebuleni nimenuna, huku mke wangu akishona gauni la bibi harusi.

"Baba Mapacha, hebu nishikie hapa," alisema, pini amezibana midomoni.

Nikashika kitambaa. Akaupachika mkono wa gauni begani, akaukunja, akaulaza kwa kidole gumba bila haraka, mpaka mshono ukapotea kabisa machoni pangu. Miaka yote hii nilikuwa nikiyaona magauni yakiwa tayari tu.

Simu ikaita. Alikuwa dereva. "Bosi, barabara imefunguliwa. Nije kukuchukua?"

Mke wangu akanyoosha mkono ili nimrudishie kitambaa chake.

Sikukiachia. "Njoo kesho," nilimwambia dereva. "Leo nimebanwa na kazi."