Boksi la Hamsini

Leo bendeji ya Verlin Hostetter ilikuwa kwenye mkono wa kulia. Alhamisi iliyopita ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, na bahati yake hakuna aliyekumbuka.

Alikaa kwenye benchi, nyuma ya mstari wa njano, kikombe cha kahawa kikimpolea mapajani, akiwatazama wenzake wa klabu ya bastola wakilenga karatasi zilizobandikwa mbele ya tuta la udongo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mmoja wao. Tangu Februari hakuwa amefyatua hata risasi moja. Boksi la hamsini, ambalo zamani alilichukua dukani pamoja na mkate na maziwa bila kuuliza bei, sasa lilimaliza pesa ya dawa za presha za mkewe za wiki mbili. Mtu mzima wa miaka sabini na mbili, fundi wa mabasi ya shule, atalisemaje hilo mbele za watu? Akaona heri bendeji.

"Verlin! Ni mkono unaouma, au ni mfuko?" Orville Kratzer alimpigia kelele, na watu wakaangua kicheko.

"Cheka tu, meno yenyewe ya kununua," Verlin akamjibu. Naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto.

Orville alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Alikuwa na lile duka la vyuma la kona, mpaka lilipofungwa mwezi wa tatu. Hata siku moja hakulalamikia bei ya risasi. Kila Alhamisi alitangulia kufika, na wenzake walipoingia langoni walimkuta anafuta bastola. "Zangu nimeshamaliza," alikuwa akisema, "nyinyi mlikuwa bado mnatafuta soksi." Kisha alishika stepla, akawasaidia wengine kubandika karatasi zao.

Dolores Wenger, msimamizi wa uwanja, alipita na daftari lake.

"Verlin, Septemba inaisha Jumamosi. Upige risasi zako hamsini za mwaka nikikuona kwa macho yangu, la sivyo unirudishie ufunguo wa lango. Sipendi, lakini kanuni ni hiyo."

"Jumamosi nitakuwa nimepona."

"Na wewe Orville, hizo zako za asubuhi asubuhi mimi sijaziona. Hazihesabiki."

"Jumamosi, bibie." Orville alilipigapiga boksi lililokuwa mezani pake. "Hili hapa linakungoja wewe tu."

Dolores akapuliza filimbi. "Silaha chini! Mikono mbali!"

Ikisikika hiyo, watu huenda kubadilisha karatasi, na mpaka wa mwisho wao arudi, hakuna anayeruhusiwa kuvuka mstari wa njano na kugusa kitu juu ya meza. Mwaka juzi mchungaji wao alinyoosha mkono kuchukua miwani yake, miwani tu, akafukuzwa siku ileile. Hakuna aliyemtetea.

Wote wakaelekea kwenye tuta, Orville akiwa mbele na stepla yake. Dolores akawafuata kwa macho, akiwa amezipa meza mgongo.

Verlin hakujua miguu yake iliinukaje. Alijiona tu amevuka mstari. Aliuona mkono wake, ule wenye bendeji, ukilinyanyua boksi la Orville. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Miezi saba si mchezo, alijiambia, mtu husahau. Akalisukumia ndani ya mfuko wa koti, akarudi kuketi, kahawa ikimmwagikia magotini.

Watu wakarudi. Orville akafika mezani pake, akasimama. Akachungulia chini ya meza, akafungua mkoba, akaufunga. Shingo yake ikaiva kwa wekundu hadi kwenye nywele.

"Umepoteza kitu?" Dolores akauliza.

Verlin akafumba macho. Maneno ya kukiri yalikuwa yameshamfika kooni.

"Hapana," Orville akasema, haraka mno. "Hakuna kitu. Nimekumbuka nimeacha jiko linawaka."

Akakusanya vitu vyake, akaondoka bila mzaha hata mmoja, bila kumtazama mtu usoni.

Amejua, Verlin akawaza. Ameniona, na bado ananisitiri. Heri angenitukana.

Hakwenda nyumbani. Aliendesha pikapu yake moja kwa moja mpaka mbele ya nyumba ya Orville, akazima injini, akalitoa boksi. Pembe zake zilikuwa zimechakaa na mfuniko umeshikizwa kwa utepe. Karatasi ya bei ilikuwa bado imegandia ubavuni: dola tisa na senti tisini. Bei ya miaka ile! Maskini, mwenzake alinunua wakati wa nafuu, akalitunza, akaliwekea Jumamosi hii. Na yeye amemwibia hilo.

Akaifungua bendeji, akaitupa chini ya kiti. Atagonga mlango. Atasema yote, mkono, mfuko na wizi, na ufunguo wa lango ataurudisha mwenyewe kabla ya kuombwa. Lakini boksi alirudishe kamili, isije ikawa moja imedondokea kwenye koti.

Dirishani, pazia la Orville lilifunuka kidogo. Verlin hakuliona. Alikuwa anabandua utepe, taratibu, usichanike.

Akainua mfuniko ili ahesabu. Ndani mlikuwa na bolti hamsini fupi, za lile duka la kona, kila moja imesimama kwenye tundu lake.